Besi Nyuma ya Nguzo

Jumanne, 4 Machi

Nilikuwa juu ya ngazi kwenye kliniki ya macho, bisibisi mdomoni, simu ikaita. Namba nisiyoijua. Sauti ya binti, adabu tele. Shikamoo – marahaba. Akasema yeye ni mkutubi wa maktaba ya mtaa, anaandika kijitabu cha historia ya bendi ya Kutu. Na kutakuwa na hafla kulekule chini ya duka la dobi, walikokuwa wakipiga roki yao miaka thelathini iliyopita. Amesikia kwamba niliwafahamu.

Niliwafahamu!

Nikamwambia, mwanangu, mimi ndiye niliyepiga gitaa la besi. Miaka minne. Shoo mia mbili na moja, nimezihesabu mwenyewe.

Akauliza kwa upole, kama anayeongea na mgonjwa: kwani kulikuwa na besi?

Nimeshuka ngazi. Sikuimaliza ile taa. Daktari wa macho amebaki gizani na ubao wake wa herufi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda maktaba na shati lililopigwa pasi. Mkutubi ni binti mwembamba, miwani mikubwa, kalamu tatu kwenye nywele. Mezani ametandaza picha kumi na mbili. Kipaza, mwimbaji wetu, na gitaa lake, mdomo wazi. Nyundo, mpiga ngoma wetu, macho kayafumba. Jasho. Mvuke wa dobi. Mashabiki na mabunda yao.

Mimi sipo.

Nikamwomba lenzi ya kukuzia. Nipo! Picha ya tatu, ya saba na ya kumi: nyuma ya nguzo ya zege katikati ya chumba, kiwiko kimejitokeza. Nikamwonyesha, nikamwambia hicho changu. Akasema ndiyo, alishakiona. Chini ya picha ya saba alikuwa ameandika kwa penseli: "Kiwiko kisichojulikana."

Nikampa historia nzima, bure. Jinsi roki wakati ule ilivyoonekana ni uhuni, majirani wakatishia kutushtaki. Jinsi dobi, Mungu amrehemu, alivyotupa chumba chake cha chini Jumapili mchana kwa sharti moja – kila anayekuja aje na bunda la nguo, mtaa udhani ni wateja. Watu thelathini, arobaini, kila Jumapili, na mashuka kwapani. Dobi alikuwa mtu wa kazi, alizifua kweli. Nadhani hakuna mashabiki wa roki duniani waliokuwa safi kama wa Kutu. Juu yetu mashine yake kubwa ya kukamulia mashuka ya hoteli ilizunguka mfululizo, ikatufichia kelele. Kila kitu kilitetemeka.

Nikamweleza pia kwa nini nilikaa nyuma ya nguzo. Shoo ya kwanza kabisa umeme ulikatika, nikapiga noti moja tu, giza. Jumapili iliyofuata nikakuta wenzangu wameniwekea soketi yangu mwenyewe kwenye nguzo, upande wa nyuma. Wao waligombania kebo moja ya kurefusha. Mimi nilikuwa na soketi yangu! Waya wa amplifaya ulikuwa mfupi, nikakaa hapo. Ndiyo maana wakaniita Nguzo.

Mwisho nikamtolea kipande cha gazeti. Kimo kwenye pochi yangu tangu enzi hizo, nimekipigisha lamineti. Kimetoka kwenye gazeti letu la siri la wapenzi wa roki, kurasa nne, nakala hamsini: "Besi ya Kutu imejaa unyenyekevu. Kuna nyakati mtu anaweza kuapa kwamba haipo."

Mkutubi amekisoma mara mbili. Akaniangalia. Akasema atawauliza wenzangu.

Waulizwe!

Ijumaa, 7 Machi

Nyumbani ni kesi. Kitindamimba wangu, miaka kumi na sita, ameiona ile picha kwenye simu yangu. Baba, hicho ni kiwiko cha mtu yeyote. Nikamwonyesha kovu langu la kiwikoni. Akasema kwenye picha hilo ni doa la chai. Akaniweka nyuma ya friji, kiwiko nje, akanipiga picha kulinganisha. Mama yake akaja kuchukua maziwa, akauliza nimefanya kosa gani.

Nikamwambia mke wangu amweleze mtoto. Si tulionana palepale kwa dobi? Akasema ndiyo, baba yako alikuwepo, kila Jumapili, nyuma ya nguzo. Mtoto akauliza: na alikuwa anapiga vizuri? Mke wangu akasema maziwa yanachemka.

Maziwa yalikuwa ya baridi. Ameyatoa kwenye friji mbele ya macho yangu.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa Kipaza. Siku hizi anaendesha mnada wa samani, sauti haijamtupa. Amenikumbatia hadi miwani ikapinda. Nikamwambia kuna mkutubi anauliza kama Kutu ilikuwa na besi.

"Besi!" akapaza, na kabati likauzwa kwa bahati mbaya. "Bila besi tungekuwa nani sisi? Si chochote! Uti wa mgongo!" Alikuwa anatazama dari.

Nikampigia Nyundo, ambaye sasa ni daktari wa meno, wa kuheshimika, mwenye miadi. Naye akasema haraka haraka: besi, ndiyo, sana, kabisa, mdomo wa mtu uko wazi hapa, nitakupigia.

Wote wawili wamethibitisha kwa mkutubi. Nimeingia kwenye historia! Na jambo jingine: wanataka tupige siku ya hafla. Jumapili ya tarehe 23, saa tisa mchana, wimbo mmoja. Watu waje na mabunda.

Ila furaha yangu ina kipele. Hakuna aliyenibishia. Kipaza hajawahi kukubaliana nami juu ya kitu tangu nimfahamu.

Alhamisi, 13 Machi

Mkutubi amenipigia tena, safari hii akinitaka kama fundi umeme. Chumba kile kinahitaji cheti cha umeme kabla watu hawajaingia. Je, ningeweza kukagua kila soketi na kusaini? Nikasema ni heshima kwangu.

Binti wa dobi ndiye mwenye duka sasa. Amenipa ufunguo. Ngazi zilezile kumi na moja, ya tano bado inacheza. Harufu ya sabuni na unyevu. Dari fupi kuliko nilivyokumbuka, au mimi nimekua, haiwezekani. Nguzo katikati. Nikasimama nyuma yake, mgongo ukaegemea mahali pake wenyewe. Nilitokwa na machozi kidogo, niseme ukweli.

Nikakagua. Ukutani soketi tatu, nyaya za zamani, zitabadilishwa. Taa mbili. Ubao wa fyuzi, aibu tupu. Kisha soketi ya nguzo. Tesa, bisibisi yangu ya kupimia umeme, haikuwaka. Nikafungua skrubu mbili.

Hakuna waya.

Ndani mlikuwa na buibui aliyekufa.

Baadaye, hapohapo chini, nimekaa kwenye ndoo

Labda waliondoa waya baadaye. Nimeangalia. Waya ili ufike pale lazima uwe na njia: tundu, bomba, mfereji kwenye zege. Nguzo ni zege tupu toka juu hadi chini, haijawahi kuguswa. Soketi imepigiliwa kwenye kipande cha ubao, ubao umegandishwa kwa gundi. Miaka ishirini na saba nafanya kazi hii. Soketi hii haijawahi kuwa na umeme hata dakika moja.

Na amplifaya yangu? Taa yake nyekundu ilikuwa imekufa tangu naichukua. Fundi redio aliyeniuzia alisema taa si muhimu, muhimu sauti. Sauti!

Nilikuwa nasikia, naapa. Kipaza ananguruma masikioni, nagusa uzi mnene, nguzo inatetemeka mgongoni. Inatetemeka!

Ilikuwa mashine ya mashuka.

Shoo mia mbili na moja. Ukiondoa ile noti ya kwanza, sijawahi kupiga kitu mbele ya mtu. Wanasema debe tupu haliachi kuvuma. Basi mimi nilikuwa debe lililojaa pomoni.

Ijumaa, 14 Machi

Sikulala vizuri. Nimezitazama zile skrubu mbili. Si skrubu za fundi umeme. Zina vichwa vya kipepeo, vya kukazia ngoma.

Nyundo.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikwenda kliniki kwa Nyundo kumkabili. Hotuba nilikuwa nayo tayari, nimeifanyia mazoezi garini. Mapokezi yule dada akasema bila miadi siwezi kumwona daktari, labda kama nina maumivu. Nikasema nina maumivu. Wapi? Nikasema ya zamani. Akaniandika jino.

Hivyo nikajikuta kwenye kiti, miguu juu, taa usoni, skrubu za ngoma mkononi. Nyundo akaingia na barakoa, akaniona, akafurahi, akasema fungua mdomo. Nikafungua ili niongee. Akaingiza kioo. Akasema hili la nyuma limetoboka ndugu yangu, umelilea hili. Kabla sijajieleza nimeshachomwa ganzi na kujazwa pamba.

Nikabaki na mkono. Nikanyoosha, nikafungua kiganja, nikamwonyesha zile skrubu.

Alizitazama, akaketi kwenye kile kistuli chake cha magurudumu. Akamtuma nesi akalete kitu ambacho nadhani hakipo.

Kisha akasema yote, na mimi mdomo wazi siwezi hata kutukana. Ile shoo ya kwanza, giza halikuwa la mtaa. Ilikuwa amplifaya yangu. Ile noti moja iliangusha fyuzi ya jengo zima, mashine ya dobi ikasimama, mashuka ya hoteli yakalala na maji. Dobi akashuka, akasema ikitokea tena nyote nje na ngoma zenu. Ama besi, ama chumba. Kipaza akasema basi Nguzo – wakati huo sikuwa Nguzo bado – aambiwe. Wakapiga kura nani aniambie. Ikamwangukia Nyundo.

"Nilikuja kwenu kukuambia," akasema. "Nikakukuta sebuleni unafanya mazoezi bila umeme, mama yako anapiga makofi. Nikashindwa. Nikarudi, nikatafuta soketi. Nilidhani ni ya wiki mbili tu, hadi tupate chumba kingine."

Nikasema: "Aaa-aah-aaa." Yaani, miaka minne!

"Tulikuwa tunasubiri siku nzuri," akasema. "Siku nzuri haikuja. Halafu ukaanza kutembea na kile kipande cha gazeti. Nani angekuambia baada ya pale?"

Akaanza kuchonga jino. Halafu akazima mashine, akasema jambo ambalo nimelirudia kichwani siku nzima. Akasema kutoka kwenye ngoma yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiniona mzima nyuma ya nguzo. Kipaza alikuwa anakimbia na wimbo kila siku, kama mbuzi aliyekata kamba. "Nikipotea, nilikuwa natazama mguu wako. Mguu wako haujawahi kukosea. Wewe ndiye ulikuwa unashika mdundo, mimi nilikuwa nanakili tu."

Sijui kama ni kweli au ni dawa ya ganzi. Nimetoka pale nusu uso umelala, nusu unalia. Dada wa mapokezi akaniambia pole, jino huwa linauma.

Jumapili, 16 Machi

Nimemuuliza mke wangu moja kwa moja. Ulikuwa unanisikia?

Alikuwa anapiga pasi juu ya amplifaya, ndiyo kazi yake siku hizi, imefunikwa shuka. Akasema: baba watoto, sikuwa nasikia kitu.

Na hukuniambia!

Akasema alidhani ndivyo besi ilivyo. Hakuwahi kuiona nyingine. Alidhani ni chombo cha heshima tu, kama mshereheshaji wa pili. Nikamuuliza, sasa ulinipendea nini? Akaweka pasi wima. "Kiwiko," akasema. "Wale wengine walikuwa wanarukaruka watazamwe. Kile kiwiko kilikuwa kinafanya kazi na hakuna anayekiona. Nikasema huyu atafaa."

Nimekasirika hadi jioni, lakini kwa mbali nilikuwa najisikia vizuri. Inaudhi.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda maktaba kusema ukweli. Nimefika na sentensi yangu: mwanangu, futa besi. Mkutubi akanipokea na kurasa za majaribio, zimepangwa vizuri. Ukurasa wa tisa: "Nguzo – besi." Picha ya saba. Chini yake: "Kiwiko cha Nguzo." Kimejulikana!

Na ametafuta shahidi. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa, alikuwa hakosi Jumapili hata moja, bunda lake la mapazia kila wiki. Amesema, na limeandikwa: "Sauti siikumbuki, lakini ile besi ilinitetemesha kifua mpaka nikahisi meno."

Mashine ya mashuka. Mashine ya dobi imesifiwa kwa jina langu.

Nikafungua mdomo, upande uliopona. Mkutubi akasema: mzee, samahani kwa ile siku ya kwanza, kukuuliza kama kulikuwa na besi. Niliona haya mpaka nikakosa usingizi.

Nikafunga mdomo.

Mimi ni mwoga. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Sitaki kurudi kuwa kiwiko kisichojulikana. Nimekuwa kwenye ukurasa dakika kumi na tayari nimezoea.

Alhamisi, 20 Machi

Mazoezi kwa dobi. Kipaza kaja, Nyundo kaja. Nyundo amemwambia Kipaza kwamba najua, naona kwenye shingo ya Kipaza. Kipaza ameniletea kiti. Kipaza! Nikachomeka waya kwenye soketi ya nguzo, isiyo na kitu, nikapiga. Wakasema safi sana, besi imekaa. Nikasema ahsanteni. Wazee watatu wenye akili timamu.

Lakini mguu niliuangalia. Kipaza akakimbia na wimbo kwenye ubeti wa pili. Nyundo akapotea. Akanitazama chini, miguuni. Akarudi.

Ni kweli, basi. Si ganzi.

Ijumaa, 21 Machi

Cheti. Fomu ya ukurasa mmoja. "Nathibitisha kwamba soketi zote katika chumba hiki zimekaguliwa, zina umeme na ni salama." Zote. Hapo chini jina langu la kazi, sahihi yangu, muhuri wangu.

Katika maisha yangu nimedanganya kuhusu mengi. Nimedanganya kuhusu chumvi kwenye mchuzi wa mama mkwe. Kwenye kijitabu cha mkutubi nimenyamaza, na kunyamaza ni kudanganya pia. Lakini fomu ya umeme sijawahi.

Njia mbili. Ning'oe ile soketi ya nguzo, nisaini, nikae kimya, nipige kama zamani. Au niitie waya.

Nimesimama pale saa nzima na patasi mkononi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimetia waya. Saa sita za kuchonga zege, vumbi mpaka kwenye masikio. Ubao mpya wa fyuzi, laini yake peke yake, mashine ya dobi izunguke hata kwa hasira, fyuzi haitaanguka. Binti wa dobi akashuka kuuliza kulikoni. Nikamwambia nalipa kisasi cha miaka thelathini. Akasema sawa, nifagie nikimaliza.

Skrubu nimetumia zilezile za kipepeo. Zilikuwa nzima.

Tesa ikawaka. Nikaileta amplifaya, nikabadilisha kibalbu chake. Taa nyekundu! Ndogo, lakini nyekundu. Ikanguruma chini chini, mmm, kama mtu anayeamka. Gitaa langu la besi lilikuwa pale pembeni. Sikuligusa.

Niliogopa. Nimesaini cheti, nikapanda ngazi, nikaenda nyumbani. Nimejiuliza njia nzima: kama tatizo halikuwa soketi, je? Kama ningesikika, wangeniweka hata wiki moja?

Jumapili, 23 Machi, saa tisa kasoro dakika tano

Naandika nyuma ya nguzo, daftari juu ya amplifaya. Chumba kimejaa. Wote na mabunda! Wengine vijana, hawajui hata kwa nini, wamebeba tu. Mama wa vitambaa ameketi mbele na mapazia yake, kifua kimekaa tayari. Juu binti wa dobi ameambiwa leo asiwashe mashine, kwa heshima ya wanamuziki. Kwa heshima! Hakuna cha kunisaidia.

Kitindamimba wangu yuko mstari wa kwanza na simu. Ameielekeza kwenye nguzo. Mke wangu kando yake, ananipungia kiwiko.

Kipaza anatambulisha. "Na kwenye besi – uti wa mgongo wetu –" Watu wanapiga makofi. Mkutubi anapiga kuliko wote.

Nimechomeka.

Taa nyekundu imewaka. Mmm. Kipaza amekata maneno katikati, ameduwaa. Ameisikia. Nyundo ameegemea mbele, ameiona ile taa, akaziona skrubu zake, ameniangalia usoni badala ya mguuni. Rangi imemtoka. Sijawahi kumwona daktari wa meno akiogopa.

Nimesogea hatua moja nje ya nguzo. Waya umenifikisha hapa, nimeurefusha jana.

Nyundo hawezi kuhesabu. Fimbo ziko juu, ameganda. Chumba kizima kinasubiri. Sasa amerudi kutazama mguu wangu, na mguu, sijauambia mimi, unapiga chini wenyewe. Moja. Mbili. Naweka kala–